Mpingo Haukuwa Mti wa Babu

Mzee niliyemkuta Mwenge, Dar es Salaam, alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha, gogo la mpingo limebanwa katikati ya nyayo zake. Tezo ilikuwa ikishuka karibu mno na vidole vya miguu, mpaka nikaona bora nitazame pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Ila usikae upande huo, vipande vinaruka."

Ganda jeupe la mti alikuwa amekwishaliondoa lote, isipokuwa ukanda mwembamba alioubakiza makusudi, upite kama mtandio begani mwa mwanamke wa chini kabisa. Kazi yenyewe ilikuwa ya oda: mteja ametaka ujamaa, yaani mnara wa watu waliopandana, wa familia yake, vichwa tisa, na ameacha karatasi ya majina. Karatasi hiyo ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kando ya patasi, haijafunguliwa. Nikahesabu vichwa vinane vilivyopandiana, mguu wa mmoja juu ya bega la mwingine, na bonge moja ambalo bado lilikuwa mti.

"Huyu wa chini ni bibi yao," akanieleza. "Juu yake mabinti zake. Halafu watoto wa mabinti."

"Na mjomba?" nikamtania, kwa kuwa najua ukoo wa Kimakonde hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno.

"Mjomba hayumo. Mjomba ndiye aliyeshika tezo."

Nikamuuliza kama babu yake naye alichonga hivi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama babu yake aliendesha bodaboda. Babu, akasema, hakuuhangaikia mpingo. Mti mgumu kama chuma, wa nini?

Jibu hilo linavuruga maelezo yaliyobandikwa kwenye rafu za maduka ya vinyago kuanzia Mtwara hadi Nairobi, kwamba hii ni sanaa ya asili ya Wamakonde, iliyorithiwa tangu enzi na enzi. Mpingo unaong'aa, mnara wa watu waliokumbatiana, shetani mwenye jicho moja na ulimi uliozunguka shingo: vyote hivyo vimezaliwa katika umri wa watu ambao wajukuu zao wako hai leo. Vingi vimezaliwa mjini, kwa wahamiaji, na mteja akiwa amesimama mlangoni. Kama ni hivyo, mababu walirithisha nini?

Mwaka 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Newala wakati vumbi la vita vya Maji Maji lilikuwa halijatulia. Alikusanya barakoa, akaandika ngoma alizoziona, na akasimuliwa jinsi Wamakonde walivyoanza. Hadithi hiyo inasimuliwa kwa namna nyingi pande zote mbili za mto Ruvuma, lakini kiini chake ni kimoja. Palikuwa na kiumbe kimoja porini, hakijaoga, hakijanyoa, hakijawa mtu sawasawa. Kiumbe hicho kikachukua gogo, kikachonga umbo la mwanamke, kikalisimamisha karibu na makazi yake. Kulipokucha, umbo likawa mke. Wakashuka mtoni wakaoga, wakazaa mtoto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo wakazaa wa pili, naye akafa. Wakapanda hadi uwanda wa juu kabisa, kwenye vichaka, na huko mtoto wa tatu akaishi. Ndiyo sababu, wanasema, Wamakonde wanakaa juu, mbali na maji ya bondeni, ingawa kwa karne nyingi wanawake wa Newala, Tanzania, na Mueda, Msumbiji, wamelipa gharama ya uamuzi huo kwa mitungi vichwani.

Makabila mengi yana hadithi ya Mungu aliyefinyanga mtu kwa udongo. Ya Kimakonde inaanza na fundi. Hapo Mungu hajatajwa kufanya kazi yoyote. Kuna mtu asiye kamili, kuna mti, kuna chombo cha kuchongea, na mwanamke aliyetoka humo ndiye anayemfanya mchongaji mwenyewe awe binadamu. Sijui urithi mzito kuliko huo kwa kijana anayeshika tezo mara ya kwanza.

Kazi za zamani zilizohifadhiwa Leipzig, Lisbon na Dar es Salaam, ukizitazama kwa karibu, karibu zote ni za mbao nyepesi. Barakoa ya mapiko, ngoma ya Kimakonde ya barakoa, haiwezi kuwa ya mpingo, kwa sababu mtu anaivaa kichwani kama kofia ya chuma na kucheza nayo juani. Mbao hukwanguliwa hadi iwe nyembamba. Chale za usoni huinuliwa kwa nta ya nyuki, nywele za binadamu zilizonyolewa hubandikwa kichwani, na kama ni sura ya mwanamke mdomo wa juu huwekewa ndonya, kipande cha mti cha kupamba mdomo. Mchezaji haoni kwa macho ya barakoa bali kwa mdomo wake, kwa hiyo uso wa mbao hubaki umeinuliwa juu, ukiwaangalia watu kama vile unawanusa. Mwili wote hufunikwa nguo, pasionekane hata kidole.

Mapiko hutoka vijana wanaporudi jandoni na wasichana wanapomaliza unyago. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba lipiko, yaani mchezaji mwenye barakoa, si mtu, ni mfu aliyerudi. Wanaume walijua nani amevaa, nani amechonga na mti ulikatwa wapi. Waswahili tuna msemo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kwa Wamakonde hiyo haikuwa methali, ilikuwa siri ya jando. Kijana alipofunuliwa barakoa na kuona jasho la mjomba wake ndani yake, alikuwa amevuka. Alijifunza siku ile ile kwamba kitu kilichotengenezwa kwa mikono kinaweza kutisha kijiji kizima, na kwamba sasa yeye ni miongoni mwa wanaotisha.

Tena barakoa hizo hazikuwahi kuganda. Mwanahistoria Paolo Israel, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu mapiko ya Msumbiji, anaonyesha jinsi vikundi vilivyoshindana kubuni sura mpya, midundo mipya, vichekesho vipya. Mzungu mwenye pua ndefu aliingia uwanjani, mfanyabiashara wa Kihindi akaingia, askari akaingia. Aliyecheza sura ya mwaka jana alizomewa. Ndiyo maana nahisi neno "jadi" tunalitumia ovyo. Tunalitumia kumaanisha kitu kisichobadilika, ilhali kwa mafundi wa Mueda jadi ilikuwa kukizidi kikundi cha kijiji cha pili kabla msimu haujaisha.

Kisha ukaja mvuko. Wareno waliutiisha uwanda wa Mueda wamechelewa, mwanzoni mwa karne ya 20, wakaja na kodi, kazi za shuruti na kilimo cha lazima cha pamba. Watu wakavuka Ruvuma kwa maelfu. Tanganyika walipokelewa na mashamba ya mkonge, wakawa manamba, na wenyeji waliwaita Wamawia. Wengine walifika hadi pwani ya Kenya, kwenye mkonge na miwa. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno walifyatulia risasi umati uliokusanyika Mueda kudai haki zake, na waliosita kuondoka wakaacha kusita. Miaka miwili baadaye FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam, na Septemba 1964 vita vilianzia huko huko kaskazini, Cabo Delgado, vikapeleka wakimbizi wengine ng'ambo.

Manamba aliyejua kuchonga alichonga jioni. Lakini achonge nini? Jando liko mbali, mjomba yuko mbali, mapiko hayachezwi kwenye kambi ya mkonge yenye makabila kumi. Zilikuwepo sanamu ndogo za watu, ambazo wachongaji huziita binadamu: mwanamke na mtungi, mzee na kiko, mama na mtoto. Hizo wamisionari na maofisa wa Kireno walikuwa wakizinunua tangu zamani. Na hapo kwenye soko ndipo mpingo ulipopanda cheo. Mnunuzi wa Kizungu alipenda kitu cheusi, kizito, kinachong'aa kama jiwe na kisicholiwa na wadudu. Mpingo ni mti wa miombo unaokua taratibu sana, huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa, na kiini chake ni kizito hata kinazama majini. Viwanda vya Ulaya vimeutumia muda mrefu kutengenezea klarineti na obo. Fundi wa Kimakonde aliuchukua mti huo kwa sababu za biashara, akagundua kwamba ugumu wake unabeba mambo ambayo mti laini usingeyaweza: mkono mwembamba kama kijiti, tundu linalopenya mwili mzima, watu ishirini katika gogo moja bila kiungo hata kimoja.

Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Kihindi wa Dar es Salaam, alianza kununua kazi zao katika miaka ya 1950. Hakuwa mnunuzi tu, alikuwa na jicho, na alikuwa na subira ya kumlipa fundi aliyetaka kujaribu. Hadithi inayosimuliwa sana ni ya Samaki Likankoa. Mwishoni mwa miaka hiyo, kinyago chake cha binadamu kilivunjika kiungo. Badala ya kukitupa, Samaki akakiendeleza hivyo hivyo, akakipotosha, kikawa kitu kisicho mtu. Peera akakipenda, na Samaki akaendelea. Kikazaliwa kile tunachokiita shetani.

Wapo wanaoitumia hadithi hiyo kuthibitisha kwamba shetani wa Kimakonde ni uzao wa ajali na pesa ya Mhindi. Mimi sioni hivyo. Kinyago kinaweza kuvunjika mikononi mwa fundi yeyote. Wengi wangekipaka gundi. Samaki alitoka katika watu wanaosimulia habari za nnandenga, pepo wa porini anayekutana nawe njiani, asiye mtu wala mnyama, anayeweza kukudhuru au kukuchezea tu. Mkono ulipokatika, yeye hakuona hasara. Alimwona mtu anayemfahamu. Soko lilimpa nafasi, mpingo ukampa nguvu, lakini sura ile aliisikia kwa bibi yake kabla hajajua pesa.

Mtindo wa ujamaa nao una safari kama hiyo. Roberto Yakobo Sangwani, aliyevuka kutoka Msumbiji, ndiye anayetajwa kuuanzisha, na mwanzoni uliitwa dimoongo, yaani nguvu: mpiganaji mieleka aliyeshinda ameinuliwa juu na wenzake. Mshindi akawa juu ya mabega, mabega yakaongezeka, wakaingia wanawake, watoto, wazee, mpaka gogo likawa ukoo mzima. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania nzima ilikuwa ikisema ujamaa, na jina likashikamana na kinyago kama ngozi. Wanasiasa walikifurahia, wakakigawa kwa wageni wa serikali kama zawadi. Ni nadra sera ya nchi kupata picha yake bila kuiagiza. Kwamba chini ya mnara ule mara nyingi amekaa mwanamke mzee, ambaye matumbo na migongo yote inatokea kwake, hilo Azimio halikulisema.

Wataalamu wa Ulaya kwa muda mrefu walizibeza kazi hizi. Kwao sanaa ya Kiafrika ya kweli ilikuwa barakoa ya kale iliyochezwa, na mpingo wa Dar es Salaam ulikuwa bidhaa ya kuuzia abiria wa ndege. Kuna ukweli ndani yake: nenda duka lolote la vinyago utaona simba wale wale, twiga wale wale, wamechongwa kwa dazeni. Lakini kipimo hicho kinamtaka msanii wa Kiafrika awe mlinzi wa makaburi ya babu yake. Picasso hakuambiwa kwamba si Mhispania kwa sababu aliuza.

Asili peke yake nayo haichongi, na kwa hilo Wakamba wa Kenya ni ushahidi. Wamunyu, Ukambani, wanamtaja Mutisya Munge, aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona wachongaji wa huku, hasa Wazaramo, akarudi kwao na ufundi. Kutoka kwa mtu mmoja huyo kikakua kijiji, kisha biashara iliyofika hadi Nairobi na Mombasa, katika kabila ambalo halikuwa likijulikana kwa sanamu. Ufundi, basi, unaambukizwa. Ila ukiweka kazi ya Mkamba na ya Mmakonde mezani, hazigombani kwenye ufundi. Mkamba ni bingwa wa swala aliyelainishwa kama kokoto ya mtoni. Mmakonde hata akichonga swala, swala anakuwa na tumbo la mtu.

George Lilanga aliyajua hayo kwa damu. Alizaliwa 1934 Kikwetu, upande wa Masasi, akajifunza kuchonga kijijini, kwanza kwa mihogo na mbao laini, baadaye mpingo. Miaka ya 1970 alikuja Dar es Salaam, na kwa msaada wa jamaa yake Augustino Malaba, mchongaji, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi ya ulinzi. Usiku analinda jengo la wasanii, mchana anaonyesha alichochonga. Haikuchukua muda wakamtoa langoni. Alipewa batiki, rangi, ngozi ya mbuzi, bati, na mashetani wa Samaki wakaondoka gizani kwenye mpingo wakaingia kwenye buluu, njano na waridi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington.

Tazama picha moja ya Lilanga taratibu. Masikio kama majani ya mgomba, matumbo ya mviringo, vidole vinene, midomo iliyotokeza kama bado inangoja ndonya. Hawa ni mapepo, lakini wanafanya nini? Wanapanga foleni hospitali. Wanapika. Wanagombana na mlevi. Na juu ya hapo Lilanga anaandika jina la picha kwa Kiswahili, mara nyingine sentensi nzima, kama jirani anayekueleza ugomvi wa mtaani. Wanunuzi wa Ulaya walipenda rangi. Mwenye kuyajua mapiko anatambua kitu kingine: uwanja wa ngoma ambako mfu mwenye uso wa mbao anatoka mbele ya kijiji na kumwigiza karani, askari, mke mwenye wivu, na watu wanacheka huku wamejishika. Lilanga alibadilisha vifaa, na bado alikuwa anacheza mapiko. Kisukari kilimkata miguu kabla ya kumchukua mwaka 2005, lakini aliendelea kuchora akiwa amekaa, na vijana aliowafundisha, mjukuu wake Hendrick akiwemo, wameendelea na masikio yale makubwa.

Urithi pia una upande wa kukataza, na wasiotaja upande huo wanapamba. Reinata Sadimba alizaliwa 1945 Nemu, kwenye uwanda wa Mueda. Mwanamke wa Kimakonde hakuruhusiwa kuchonga, wala kuijua siri ya mapiko. Sehemu yake ilikuwa udongo, yaani mitungi na vyungu. Reinata alishika alichopewa. Lakini baada ya uhuru wa Msumbiji wa 1975, na baada ya ndoa kuvunjika, vyungu vyake vilianza kuota vichwa, matiti, mikono. Chungu kikawa mama anayezaa, mama mwenye watoto mwilini pote, uso umejaa chale zile zile walizochanjwa wanawake wa rika lake. Mwaka 1980 alihamia Tanzania, akarudi Msumbiji 1992, akakaa Maputo, na kwa miaka mingi amefanyia kazi kwenye viwanja vya Makumbusho ya Historia ya Asili. Majirani mwanzoni walimwona kachanganyikiwa. Ukiifikiria tena hadithi ya kwanza, ambamo mwanamume anachonga mwanamke, Reinata ni yule sanamu aliyeamka asubuhi akaamua na yeye kuumba.

Mara nyingine asili hudaiwa kwa hati na mihuri. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa kwenye Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Ikaja kuonekana Geneva, katika Makumbusho ya Barbier-Mueller, na baada ya miaka ya mazungumzo ikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Na Kwale, Kenya, vizazi vya wale waliokuja kukata mkonge na miwa, wengine wao wachongaji na wauza vinyago pwani, waliishi bila kitambulisho cha nchi yoyote mpaka Oktoba 2016, walipoandamana hadi Nairobi kudai uraia, na serikali ikaagiza waandikishwe. Watalii wengi walikuwa wamesharudi Ulaya na neno "Makonde" kwenye mabegi yao, wakati Mmakonde wa Kwale hana karatasi ya kuthibitisha kwamba yupo.

Kule Mwenge jua lilikuwa limegeuka, na mzee alikuwa amefika kwenye tupa na msasa kwa vile vichwa vinane. Miwani ameisahau nyumbani, akaniomba nimsomee karatasi ya mteja. Nikaitoa kwenye nailoni. Majina yalikuwa yameandikwa kwa mpangilio, herufi kubwa, na la kwanza juu kabisa, lililopigiwa mstari, lilikuwa la baba.

"Baba?" Mzee akainua kichwa.

Nikamwambia ndiyo, mteja ameanza na baba, na pembeni ameandika awe chini, ashike wengine wote.

Akakizungusha kinyago polepole, akamtazama yule bibi mwenye mtandio mweupe, akawatazama mabinti mabegani mwake. Chini palikuwa pamejaa. Akarudi kwenye bonge lililobaki, pembeni juu, karibu na kiwiko cha binti wa mwisho, akalamba kidole na kulisugua, vumbi likatoka.

"Basi tutamkalisha hapa," akasema, akachukua patasi ndogo. "Ni mkwe. Atapata pa kushika."